Uzito wa Barafu juu ya Nyaya za Umeme

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki, ambaye barafu kwake ni ile ya kilele cha Kilimanjaro au ya mvua ya mawe, huenda akashangaa kusikia kwamba mvua ya rasharasha iliwahi kuangusha zaidi ya minara 1,000 ya chuma katika muda usiozidi wiki moja. Jambo hilo lilitokea Kanada, hasa katika jimbo la Quebec, kati ya tarehe 5 na 10 Januari 1998. Wateja wapatao milioni 1.4 wa Hydro-Québec, shirika la umeme la jimbo hilo, walikosa umeme. Wakihesabiwa watu wote waliokuwamo katika nyumba hizo, walikuwa karibu nusu ya wakazi wa Quebec. Baadhi yao walikaa gizani karibu mwezi mzima, katikati ya majira ya baridi.

Kwanza yafaa ieleweke jinsi mvua hiyo inavyofanyika. Hewa baridi ni nzito, nayo hutuama mabondeni. Katika siku hizo hewa ya namna hiyo ilikuwa imelala katika bonde la mto Saint Lawrence, na juu yake ikapita hewa ya vuguvugu yenye unyevu mwingi kutoka upande wa Ghuba ya Meksiko. Theluji iliyotoka mawinguni iliyeyuka ilipopita katika tabaka la vuguvugu, ikawa matone ya maji. Matone hayo yalipoingia katika tabaka la baridi lililo karibu na ardhi yalipoa hadi chini ya nyuzi 0 za Sentigredi, lakini hayakupata muda wa kuganda. Maji ya namna hii hubaki maji mpaka yaguse kitu. Yakigusa tawi, paa au waya, huganda papo hapo na kuwa kama kioo. Kama tabaka la chini lingekuwa nene zaidi, matone yangeganda angani na kuanguka kama changarawe, na nyaya zisingepata madhara makubwa.

Mvua hiyo ilirudia kwa siku kadhaa, na katika baadhi ya sehemu ilizidi jumla ya milimita 100. Dhoruba kubwa zilizotangulia, ya Februari 1961 mjini Montreal na ya Desemba 1986 mjini Ottawa, zilileta chini ya nusu ya kiasi hicho.

Hesabu ifuatayo inaweza kufanywa darasani. Chukua waya wenye kipenyo cha sentimita 3, uliozungukwa na barafu yenye unene wa sentimita 3 kila upande. Kipenyo chote sasa ni sentimita 9. Eneo la mkato wa barafu peke yake ni sentimita za mraba 56.5, na kwa kuwa densiti ya barafu ni gramu 0.917 kwa kila sentimita ya ujazo, kila mita ya waya imebeba kilo 5.2 za barafu. Waya wenyewe una uzito wa kilo 1.6 hivi kwa mita. Ikiwa minara miwili imetengana kwa mita 400, barafu iliyo juu ya waya mmoja ina uzito wa tani 2 na zaidi kidogo. Njia kuu za Quebec zenye msongo wa kilovolti 735, ambazo za kwanza zilianza kazi mwaka 1965, zina mafungu matatu ya nyaya nne nne. Yaani nyaya 12, na tani 25 za barafu kati ya mnara na mnara. Sasa mwanafunzi aongeze unene wa barafu mara mbili, uwe sentimita 6. Atakuta kwamba uzito haukuongezeka mara mbili bali mara tatu, kwa sababu eneo hufuata mraba wa kipenyo.

Hata hivyo, uzito peke yake hauelezi kwa nini minara ilianguka kwa safu, mmoja baada ya mwingine. Inatakiwa kutazama mvutano uliomo ndani ya waya. Kwa makadirio, mvutano huo ni uzito wa waya kwa kila mita, ukizidishwa kwa mraba wa umbali kati ya minara, kisha kugawanywa kwa mara nane ya mlegeo wa waya. Katika mfano wetu, waya usio na barafu ukilegea mita 12 utakuwa na mvutano wa nyutoni 26,000 hivi. Ukivaa barafu na kulegea hadi mita 16, mvutano utafika nyutoni 83,000. Katika hali ya kawaida mnara wa katikati hausikii mvutano huo, kwa maana unavutwa sawasawa pande zote mbili, kama kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba wakati timu mbili zinavutana na hakuna inayoshinda. Waya wa upande mmoja ukikatika, au mnara wa jirani ukiinama, upande wa pili huvuta bila mpinzani. Mnara uliojengwa kubeba uzito wa kwenda chini hauna nguvu ya kuhimili mvuto wa ubavuni, nao huanguka na kumwachia jirani yake balaa ileile.

Hasara ilikuwa kubwa. Watu zaidi ya 30 walikufa katika Kanada na Marekani. Wengine kwa baridi, wengine kwa moshi wa majenereta na majiko yaliyowashwa ndani ya nyumba, ambao una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Mjini Montreal mitambo ya kusafishia maji ilikosa umeme, na jiji lilikaribia kukosa maji. Wafugaji walimwaga maziwa. Serikali ilituma askari wapatao 16,000 kusaidia.

Je, gridi hiyo ilikuwa imechakaa? Swali hili lina majibu mawili, na mara nyingi watu huyachanganya. Chuma hushika kutu na mbao huoza. Huo ni uchakavu unaoonekana. Nguzo ya mbao huoza zaidi pale inapoingia ardhini, ambapo unyevu na hewa hukutana. Nguvu yake ya kuhimili kupindwa hufuata kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo nguzo iliyopoteza sehemu moja ya tano ya kipenyo chake kwa kuoza imebaki na karibu nusu tu ya nguvu yake (0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.51). Mtu apitaye barabarani haoni tofauti yoyote. Jambo hili linazihusu pia nguzo za mikaratusi za Tanzania na Kenya, ambako joto na mchwa huharakisha kazi ambayo baridi ya Kanada huichelewesha.

Lakini makumi ya maelfu ya nguzo na ile minara ya chuma havikuanguka kwa sababu ya kuoza na kutu peke yake. Kila mnara hujengwa kwa kukisia dhoruba kubwa kuliko zote zinazotazamiwa, na makisio hayo hutokana na kumbukumbu za dhoruba zilizopita. Mnara mpya kabisa uliojengwa kwa makisio ya zamani ungeanguka vilevile.

Baada ya mwaka 1998 wahandisi waliongeza uzito wa barafu wanaouhesabia, wakaweka katika njia kuu minara imara ya kati kwa kati ili anguko lisiendelee zaidi ya hapo, na wakajenga mtambo katika kituo cha Lévis, karibu na jiji la Quebec, wa kuyeyusha barafu kwa mkondo mnyoofu wa umeme. Mkondo ukipita katika waya huzalisha joto kadiri ya mraba wake. Kuyeyusha kilo 5.2 za barafu kwa kila mita kungehitaji kiasi cha kilowati-saa 480 kwa kila kilometa ya waya. Hata hivyo si lazima kuyeyusha yote. Tabaka la ndani likilainika, barafu huteleza na kudondoka yenyewe.

Fedha nyingi, basi, zilikwenda kwenye minara mikubwa. Mnamo Desemba 2022 Mkaguzi Mkuu wa Quebec alitoa taarifa kwamba mtandao wa kusambaza umeme hadi majumbani ulikuwa ukizidi kuzorota, na kwamba matengenezo yake, pamoja na ukataji wa matawi, hayakuwa yakitosheleza. Miezi minne baadaye, tarehe 5 Aprili 2023, mvua ya barafu ilirudi na wateja zaidi ya milioni moja wakakosa umeme, wengi wao katika eneo la Montreal. Safari hii minara mikubwa ilisimama. Kilichoanguka ni miti ya mitaani, iliyovunjika kwa uzito wa barafu na kuangukia nyaya ndogo zinazopita mbele ya nyumba. Kuzifukia nyaya hizo ardhini kunawezekana, ila gharama yake ni kubwa mno kuliko ya kuzitundika nguzoni. Na kukata miti yote iliyo karibu nazo ni jambo ambalo wakazi wa miji hiyo, waliokua chini ya vivuli vyake, hawakubaliani nalo kwa urahisi.