Ukija London na Watoto: Onyesho Gani la Barafu?

Kila mwaka ikikaribia Desemba napigiwa simu na ndugu wa nyumbani: tunakuja Krismasi na watoto, tuwapeleke wapi? Jibu langu ni O2, ukumbi ulio chini ya lile kuba jeupe la North Greenwich, ambako Disney On Ice huja msimu wa sikukuu. Kabla hawajakata tiketi, huwauliza mambo mawili: aliye mdogo kuliko wote ana miaka mingapi, na hadithi gani anaijua kwa moyo?

Nauliza kwa sababu. Ukumbi ni mkubwa, unaingiza watu hadi 20,000, na mtelezaji huonekana mdogo kutoka viti vingi. Maneno na nyimbo zimerekodiwa, tena kwa Kiingereza cha kasi. Mtoto aliyetoka Tanga au Kakamega hatafuata maneno. Atafuata kile anachokijua tayari. Mtoto wa kaka yangu alikuja akiwa na miaka minne, hajawahi kuona barafu nje ya friji. Akaninong'oneza, "Shangazi, ile yote ni ya kula?" Elsa wa Frozen alipotokea hakuniuliza tena lolote. Alikuwa akiimba mbele ya spika.

Kwa hiyo soma bango vizuri. Disney On Ice si onyesho moja. Lilianza mwaka 1981, linaendeshwa na Feld Entertainment ya Florida, na vikundi vyake kadhaa huzunguka dunia kwa wakati mmoja. Binamu zenu wakiliona Abu Dhabi, msidhani hilohilo ndilo litakalokuja London. Mengine husimulia hadithi moja mwanzo hadi mwisho, kama lile la Frozen lililoanza mwaka 2014. Mengine huunganisha hadithi nyingi fupifupi, Mickey na Minnie wakiwa wenyeji. Mkiwa na watoto wa rika mbalimbali, chukueni la mchanganyiko: kila mmoja atapata zamu ya kipenzi chake, na anayechoshwa na hadithi moja hangoji sana kabla ya nyingine. La hadithi moja linamfaa mtoto anayeipenda hadithi hiyo kupita zote.

Kijana wa miaka 13 msimburute kwa Mickey. Yeye mtafutieni baleti ya barafuni. Imperial Ice Stars, kikundi cha Uingereza, wamecheza Swan Lake kwenye majukwaa ya kawaida ya tamthilia yaliyogandishwa. Hapo mnakaa karibu kiasi cha kusikia chuma cha kiatu kikikwaruza barafu, na kwangu mimi hakuna sauti tamu kuliko hiyo. Safari yenu ikipitia Ujerumani, ulizieni Holiday on Ice. Hao walianza Toledo, Ohio, mwaka 1943, wakizunguka na uwanja wa barafu wa kubebeka, na maonyesho yao hutegemea muziki, taa na sarakasi zaidi ya katuni. Ndugu walioko Marekani au Kanada wana Stars on Ice, iliyoasisiwa na Scott Hamilton, bingwa wa Olimpiki wa 1984. Ile ni ya wapenzi wa michezo, watu wanaohesabu mizunguko ya mrukaji hewani. Mtoto wa miaka mitano atasinzia.

Sasa viti, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mara ya kwanza nilinunua vya bei ya juu kabisa, chini kabisa, jirani na barafu. Sakafu ile ilikuwa tambarare. Mbele yetu akaketi baba mrefu, na mtoto akasimama mapajani mwangu karibu saa mbili nzima. Tangu siku hiyo nanunua safu za kati za ngazi ya kwanza, ambako viti vinapanda kama ngazi na sakafu yote ya barafu inaonekana. Tafuta upande mrefu wa uwanja, au ule unaotazamana na pazia wanakotokea watelezaji. Viti vilivyo ubavuni mwa pazia huuzwa nafuu kwa sababu mapambo hukata nusu ya mambo. Ngazi ya juu, yenye namba za 400, ina mteremko mkali. Bibi mwenye magoti mabovu asipandishwe huko.

Baridi ipo. Chini ya ile barafu hupita mabomba yenye kimiminika baridi kisichoganda, na maji hunyunyizwa juu yake tabaka kwa tabaka mpaka yashike. Sweta, soksi nzito, na kanga ya kufunika miguu ya mtoto vinatosha. Mikoba mikubwa iacheni mnakolala, maana mlangoni kuna ukaguzi.

Vitu vinavyouzwa ukumbini, kama taa za kuzungushwa na barafu ya rangi ndani ya kikombe chenye sura ya katuni, ni ghali mno. Kubalianeni na watoto kabla ya kuingia: kitu kimoja kila mmoja, basi. Chooni wapelekeni dakika chache kabla ya mapumziko, la sivyo foleni itakula mwanzo wa sehemu ya pili.

Njia ni rahisi: treni ya chini ya ardhi ya Jubilee hadi North Greenwich, na kutoka kituoni ni mwendo mfupi wa miguu. Chagueni onyesho la asubuhi au la mchana. Lile la jioni likiisha, umati wote huelekea kituo kimoja, na mtoto aliyelala begani ni mzito.

Tiketi nunueni kwa ukumbi wenyewe au kwa waandaaji, kamwe si kwa walanguzi. Viti vya katikati huisha mapema, basi mkishakata tiketi za ndege, kateni na hizi wiki hiyohiyo.