Dondoo Muhimu: Ukiharibu Faili la Mfumo

Kwa wakazi wa Uvira, toka Kalundu hata Kavimvira, ambako umeme wa Ruzizi huweza kukatika ghafla, ni wajibu kulinakili faili lolote la mfumo wa kompyuta kwenye flashi kabla ya kulibadili. Iwapo mashine, kwa sababu ya mstari mmoja uliokosewa katika faili la fstab la Linux, itakataa kuwaka sawasawa, tafadhali usiharakishe kufuta diski, kwani aghalabu nyaraka zako zingali salama: iwashe kwa flashi ya Ubuntu, iliyoandaliwa mapema kwa kuwa kuipakua kwa kifurushi cha simu ni gharama kubwa, ufungue diski, kisha urejeshe nakala ya asili mahali pake. Betri ikiwa imepungua, ahirisha kazi hadi umeme urejee.