Petro Kando ya Moto: Fundisho juu ya Vishawishi na Majivuno

Katika sala ya Baba Yetu, Bwana wetu Yezu Kristu aliwafundisha wafuasi wake kumwomba Mungu awalinde katika vishawishi. Wakristu husali sala hiyo kila siku, nao wakatekumeni wamekwisha kuijua. Lakini mtu anayejiona hodari huisali kwa midomo tu, maana moyoni hadhani kwamba anahitaji kulindwa. Mtu huyo yumo hatarini kuliko wenzake. Sikilizeni basi habari za mmoja wa namna hiyo. Hakuwa mpagani wala mtu mwovu. Alikuwa Mtume Petro mwenyewe.

1. Ahadi ya Petro

Usiku ule kabla ya mateso yake, Bwana Yezu aliwaambia mitume kwamba wote watamwacha. Petro hakukubali. Alijibu kwamba hata wengine wote wakimwacha, yeye hatamwacha kamwe. Yu tayari kufungwa na kufa pamoja naye. Yezu akamwonya kwamba kabla ya jogoo kuwika atamkana mara tatu. Petro akazidi kubisha.

Je, Petro alisema uongo? Hapana. Alimpenda Bwana wake kwa kweli. Hata walipokuja watu wenye panga na rungu ili kumkamata Yezu, Petro alichomoa upanga, akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Mwoga hafanyi hivyo. Kosa lake lilikuwa jingine: alijilinganisha na wenzake akajiona mkubwa kuliko wao, akazitumaini nguvu zake mwenyewe, wala hakuomba nguvu za Mungu.

2. Jinsi alivyoanguka

Mti mkubwa hauangushwi na upepo wa siku moja, ila kama mchwa wamekwisha kuula ndani. Petro naye alianguka hatua kwa hatua.

Kwanza, alilala wakati wa kusali. Katika bustani ya Getsemani Yezu aliwaagiza wakeshe na kusali. Yeye asiye na dhambi alisali mara tatu; Petro aliye dhaifu alikutwa amelala kila mara.

Pili, Yezu alipopelekwa, Petro alimfuata kwa mbali. Hakutaka kumwacha, wala hakutaka kuonekana kuwa mtu wake.

Tatu, aliketi uani kwa kuhani mkuu, akaota moto pamoja na watumishi wa adui za Bwana wake. Kuota moto usiku wa baridi si dhambi. Lakini mahali pale, pamoja na watu wale, palikuwa mtego.

Ndipo kijakazi mmoja alipomtazama akasema kwamba mtu huyu naye alikuwa pamoja na Yezu. Kijakazi yule hakuwa na upanga wala amri ya kumfunga mtu. Hata hivyo Petro, aliyewakabili watu wenye silaha, alimwogopa mtumishi wa kike, akamkana Bwana wake mara tatu. Jogoo akawika.

3. Mambo hayo hutokea kijijini

Mtu mmoja alikuwa mlevi. Alipoingia ukatekumeni aliacha ulevi, na watu wakamsifu. Baada ya mwaka mmoja alijisemea: «Sasa nimeshinda. Nitakwenda kuketi na rafiki zangu penye mtungi wa pombe, nizungumze nao tu.» Siku ya kwanza hakunywa. Siku ya pili alionja kidogo. Siku ya tatu alibebwa kurudishwa nyumbani. Hakuangushwa siku ya tatu. Aliangushwa siku ile aliposema kwamba ameshinda.

Mama mmoja naye, watoto wake walipokuwa wazima, aliwacheka Wakristu waliokwenda kwa mpiga ramli. Alisema yeye hawezi kufanya ujinga huo. Kisha mtoto wake akashikwa na homa kali. Wakwe zake wakaja usiku wakamwambia: «Usipompeleka kuaguliwa, wewe ndiwe utakayemwua.» Mama huyo hakuwa amejizoeza kusali katika shida wala kuomba shauri. Akanyamaza, akaenda nao. Kumpa mgonjwa dawa ya majani au kumpeleka zahanati si dhambi. Dhambi ni kutafuta ramli na kuvaa hirizi, kana kwamba Mungu hayupo. Kama angalimwita mke mmoja Mkristu aketi naye usiku ule, pengine angalisimama imara.

4. Ubatizo na udhaifu wetu

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza ukatekumeni uchukue miaka minne. Wengi walinung'unika kwamba ni muda mrefu, hasa wale waliojua majibu yote ya katekisimu. Lakini kujua majibu ni kazi ya kichwa, na moyo haujulikani kwa siku moja.

Tena, wakatekumeni wasidanganyike juu ya ubatizo. Ubatizo huondoa dhambi zote na kumfanya mtu kuwa mtoto wa Mungu, lakini hauondoi tamaa mbaya wala udhaifu. Anayetoka kisimani mwa ubatizo amepewa neema ya kupigana. Vita bado havijakwisha.

5. Silaha za Mkristu

Silaha ya kwanza ni sala, nayo isingoje saa ya hatari. Ya pili ni kukimbia nafasi za dhambi; anayejua kwamba mtoni mna mamba hachoti maji mahali penye kina ili kuonyesha ushujaa. Ya tatu ni kufungua moyo kwa padri, kwa katekista au kwa Mkristu mwenye busara. Na baada ya ubatizo kuna Kitubio na Ekaristi Takatifu.

Mtazameni Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista wa shirika la Jamaa Takatifu katika nchi ya Kongo. Mwezi wa Novemba mwaka 1964 waasi waliwachukua masista wa Bafwabaka wakawapeleka Isiro. Mkubwa mmoja wa askari alitaka kumfanya kuwa mke wake. Anuarite alikataa, naye akauawa tarehe 1 Desemba. Hakuuanza uaminifu wake usiku ule. Kwa miaka mingi alikuwa amesali na kutimiza kazi ndogo za kila siku, na katika safari ile alichukua sanamu ndogo ya Bikira Maria. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa mwaka 1985.

6. Aliyeanguka afanye nini

Yuda alimsaliti Yezu, kisha akakata tamaa akajinyonga. Petro alimkana Yezu, lakini Yezu aligeuka akamtazama, naye akatoka nje akalia kwa uchungu. Kabla ya hayo Bwana alikuwa amemwombea imani yake isipotee. Baada ya kufufuka alimwuliza kando ya ziwa mara tatu kama anampenda. Safari hii Petro hakujisifu kuliko wenzake. Alijibu tu kwamba Bwana anajua yote. Mtu huyo aliyejua udhaifu wake ndiye aliyekabidhiwa kondoo za Kristu, na mwishoni alikufa Roma kwa ajili ya Bwana wake.

Maswali

Sababu gani Petro alianguka?
Alizitumaini nguvu zake, akalala wakati wa kusali, akaketi mahali pa hatari.

Je, kushawishiwa ni dhambi?
Hapana. Dhambi ni kukubali kishawishi.

Je, aliyebatizwa aweza kuanguka?
Ndiyo, kwa hiyo akeshe na kusali hata kufa.

Aliyeanguka afanye nini?
Asikate tamaa, atubu upesi na kumrudia Mungu.

Kusudi la juma hili: Kila mkatekumeni atafute mahali pamoja panapomwangusha mara kwa mara, asipite hapo juma hili, na kila jioni amwombe Mungu nguvu asizo nazo.