Dondoo Muhimu: Kwa Baiskeli kutoka Kilosa hadi Mikumi

Msafiri anayetaka kuepuka malori ya barabara kuu iendayo Zambia, ambayo hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, atafaidika zaidi na njia inayotoka Kilosa kuelekea kusini kupitia Ulaya na Zombo, kwa kuwa magari huko ni machache zaidi na safari hupita kwenye miombo, yaani misitu ya miti isiyosongamana ambayo mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Kipindi kinachofaa ni Juni hadi Oktoba. Katika masika, Machi hadi Mei, udongo hugeuka tope linaloganda kwenye breki, na Mto Mkondoa, ambao mafuriko yake yaliharibu Reli ya Kati mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, si mto wa kudharauliwa.

Mbung'o, nzi waenezao malale, huvutwa na vitu vinavyotembea na rangi nyeusi au buluu iliyokolea, hivyo nguo za kaki hufaa kuliko jinzi, hata kama jinzi ni imara. Mpira wa akiba, viraka na pampu visisahaulike, maana miiba ni mingi na fundi baiskeli huenda akawa kijiji cha mbele.

Kwa anayeendelea Morogoro, tembo, nyati na simba wa hifadhini huifanya baiskeli isifae kabisa. Afadhali ipakiwe kwenye basi katika mji wa Mikumi, tena bila aibu yoyote.