Buleti za samaki wa mukebe: mukebe moja kwa watu munane

Katika somo la leo tunaacha kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tunaingia jikoni. Wengine watauliza: koperative na sufuria vinakutana wapi? Vinakutana hapa: mihogo inaweza kujaa katika gala na mutoto wa yule mwenye kuilima akavimba miguu, juu kila siku anakula bukari na sombe bila kitu cha kujenga mwili. Hapa Kivu ugonjwa huo tunauita bwaki, na hakuna mutu anahitaji kufundishwa maana ya jina hilo.

Sisi wa pembeni ya ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira mpaka Baraka na Kalemie, tunajua kalenda ya ndagala. Wavuvi wanavua usiku na taa. Mwezi ukijaa, mwangaza wa taa hauvuti tena samaki, mitumbwi inapumuzika, na ku soko bei ya ndagala inapanda. Ni siku hizo ndizo mama wa nyumba anapitia ku butike na kukamata mukebe moja ya samaki, sardini ao makro, ndani ya sosi ya tomati. Hatusemi mukebe ni mubaya. Samaki wa ndani ni samaki wa kweli, na mifupa yake imelainika kwa sababu ilipikwa na moto mukali mukebe ukiwa umefungwa, kwa hiyo mutu anaikula yote. Mifupa hiyo ndiyo inaleta kalsiamu kwa mifupa na meno yetu. Wenye wanaitoa na kuwatupia kuku wanawapa kuku sehemu nzuri.

Shida haiko katika mukebe, iko katika kugawanya. Tuseme wazi namna inapita katika nyumba zetu nyingi. Mama anafungua mukebe, anautia katika sosi ya kitunguu na tomati, anaongeza maji ili itoshe. Ndani kuna vipande vine ao vitano. Kimoja ao viwili vinaenda kwa papa, kimoja kwa mugeni kama yuko, kingine kwa kijana mwenye alienda shambani. Watoto wadogo wanachovya bukari ndani ya sosi. Jioni kila mutu anasema "leo tulikula samaki", lakini mwenye miaka miwili, mwenye alikuwa na haja kubwa kuliko wote, alikula rangi ya samaki tu.

Ndiyo maana tunafundisha buleti. Tusidanganyane: buleti haiongezi samaki. Mukebe munene wa gramu 425, ukitoa sosi, unabakiza samaki karibu gramu 240 (angalia wewe mwenyewe, ku mikebe mingi uzito wa bila maji umeandikwa pembeni). Kwa watu munane ni gramu 30 kila mumoja, ukipika sosi ao ukipika buleti. Kinachobadilika ni vitu viwili. Kwanza, samaki akipondwa na kuchanganywa na vingine, hakuna tena kipande kikubwa cha kupigania; kila buleti iko na sehemu yake, na mutoto anapata ya kwake ndani ya mukono. Pili, tunaingiza maharagi na yai, vitu vyenye viko karibu nasi na vyenye vinajenga mwili vilevile. Na kipimo chenye tunatoa hapa, buleti mbili zinaleta karibu nguvu ya kujenga mwili yenye iko ndani ya yai moja. Si mingi sana, lakini kwa mutoto mudogo buleti tatu kwa siku ni sehemu kubwa ya kile anahitaji.

Kuchagua mukebe

Kabla ya kulipa, kamata mukebe mukononi na uuzungushe. Mukebe wenye umevimba juu ao chini, acha, hata wakikupunguzia bei. Kuvimba ni alama kwamba vijidudu vinaishi ndani na vinatoa hewa. Mukebe wenye unavuja, wenye kutu imekula chuma, ao wenye umepondeka pale ku mushono, ni vilevile. Kupondeka kidogo katikati ya ubavu haina hatari sana. Soma tarehe yenye imepigwa ku kifuniko. Kama imefutwa ao imebandikiwa karatasi ingine juu, rudisha. Nyumbani, ukifungua na maji yakaruka kwa nguvu ao harufu ikawa mbaya, usionje "kidogo tu kujua". Kuna sumu ya samaki wa mukebe yenye haina harufu wala ladha, na inaweza kuua mutu. Zika mbali na mbwa na watoto.

Jambo ingine lenye tunaona mara nyingi: watu wanaweka mukebe mufungwe juu ya moto ili upate moto haraka. Unaweza kupasuka usoni pako. Fungua kwanza, mimina katika sahani. Na ukishafungua, samaki hawabaki tena ndani ya mukebe mpaka kesho.

Vitu vya kutayarisha

Kwa mukebe moja munene tunakamata kilo moja ya viazi vya kizungu, kopo moja ya maharagi yenye yamekwisha kuiva vizuri, yai moja, vitunguu viwili, lengalenga konzi mbili, na vijiko vitatu vya unga. Unga unaweza kuwa wa mahindi ao wa muhogo wenye ulilowekwa na kukaushwa vizuri. Hiyo inatoa buleti karibu 24, kila moja ukubwa wa yai la kuku lenye limekandamizwa.

Wenye wanaishi chini katika bonde, kule viazi vya kizungu vinakuja kutoka milima na bei inakuwa ya juu, watumie viazi vitamu ao muhogo mutamu wa kupika. Muhogo unashika vizuri hata kuliko kiazi, paka utoe ule uzi wa katikati. Kama uko na unga wa soja, kijiko viwili ao vitatu vinaweza kukamata nafasi ya unga mwingine, lakini uwe wa soja yenye imekarangwa kwanza. Soja mbichi inasumbua tumbo na inazuia mwili kutumia chakula.

Chemsha viazi na maganda yake. Hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilionyesha buleti mbele ya wamama karibu makumi tatu, nilimenya viazi, nikavikata vidogo ili vikawe mbio, nikavitoa ndani ya maji na kuviponda palepale. Buleti zote zilifunguka ndani ya mafuta, tukabaki na uji wa samaki. Mama moja wa nyuma akasema kwa sauti: "Mwalimu, viazi vyako vilikunywa maji kuliko wewe." Alikuwa na haki. Kiazi chenye kimechemshwa na ganda lake hakinywi maji mingi. Kisha kukimenya, kiache katika sahani mvuke utoke mpaka kipoe, ndipo upondee. Tangu siku hiyo hazikufunguka tena.

Lengalenga kata ndogondogo, pitisha ndani ya maji ya moto dakika mbili, kamua na mikono miwili kwa nguvu. Maji ya mboga nayo yanafungua buleti. Maharagi kamua vilevile na uponde. Samaki mutoe katika sosi (sosi usimwage, tutaitumia), umuponde na kijiko pamoja na mifupa yake mpaka usione tena mufupa. Changanya vyote na mikono safi, tia yai na unga mwishoni. Ukifinya na kitu kinabaki na alama za vidole, imefika. Kama kinanatanata, ongeza kijiko cha unga. Usiongeze vijiko vitano, itakuwa bukari ya kukaranga.

Chumvi: onja kwanza. Samaki wa mukebe amekwisha kutiwa chumvi huko kiwanda, na kile kibe cha kutia ladha ni chumvi vilevile. Organizasio ya Afya ya Dunia inasema mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kidogo kimoja, na ndani yake wanahesabu ile yenye imefichwa katika vyakula vya kununua. Papa na mama wenye wako na ugonjwa wa tansio wasikie hapa. Kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu vinaleta ladha bila kupandisha damu. Pilipili iwekwe pembeni, kila mukubwa ajitilie.

Kukaranga ao kufunga katika majani

Wengi wanapenda kuzamisha buleti ndani ya mafuta mingi. Ni tamu, hatubishi. Lakini mafuta yanakula feza, na yale yanabaki yanarudishwa kesho na kesho kutwa mpaka yanakuwa meusi. Mafuta meusi yenye yanatoa moshi si chakula tena. Mawese yetu nayo yana ile rangi nyekundu yenye inasaidia macho ya watoto. Ukiyachoma mpaka yakawa meupe, umechoma dawa yenyewe.

Njia yenye tunapendekeza: kamata sufuria ya chini pana, tia vijiko viwili ao vitatu vya mafuta, ipate moto wa kadiri, panga buleti zisigusane, funika. Dakika tano, geuza, dakika tano tena. Usizigeuze mbele hazijashika rangi chini, juu zitavunjika. Na mukebe moja utapika mara tatu, utumie mafuta kama robo ya kopo kwa zote.

Njia ya pili haiombi mafuta hata kidogo, na kwangu ndiyo nzuri kupita. Pitisha majani ya ndizi juu ya makala ili yalainike, funga ndani buleti nne nne, panga katika sufuria juu ya vijiti vyenye maji kidogo chini, funika, acha mvuke ufanye kazi dakika makumi tatu. Zinatoka laini, na harufu ya jani inaingia ndani. Wazee wenye hawana meno wanazipenda, na watoto pia.

Ile sosi ya mukebe, karanga kitunguu na tomati mbili, mimina sosi juu yake, na uko na kitu cha kulia bukari.

Watoto, na chakula chenye kimebaki

Mutoto wa chini ya miezi sita anakula paka ziwa la mama yake. Kuanzia miezi sita, kamata buleti ya majani yenye haina pilipili, iponde ndani ya uji ao na maziwa ya mama, anza na kijiko kimoja. Ukiona midomo imevimba ao ngozi imetoka vipele, simamisha na uende ku santri ya afya, kwani watu wengine miili yao inakataa samaki ao yai.

Lakini buleti ni ya kukinga, haiponyeshe. Mutoto mwenye miguu imevimba, ukibonyeza na kidole shimo linabaki, nywele zinageuka rangi, anakataa kula na kulia kila wakati, hapana kumujaribishia chakula nyumbani. Mupeleke ku santri siku hiyohiyo. Vilevile kama ule mukanda wa kupima mukono wa watoto umefika ku rangi nyekundu, ni kusema chini ya milimetri 115. Huko ndiko wako na chakula cha dawa na wanajua namna ya kukitoa.

Sisi wenye hatuna frigo, tupike chenye tunaweza kumaliza. Buleti zenye zimepikwa zisipitishe masaa mawili katika joto bila kuliwa, na mchanganyiko mubichi usilale usiku. Kama familia ni ndogo, nunua mukebe mudogo na ukate vipimo vingine katikati.

Mwezi ukiisha kupungua na ndagala zikarudi ku soko, acha mukebe. Kamata ndagala zenye zimekauka, ondoa muchanga, zikaushe kidogo juu ya mbabula bila mafuta, uzitwange na vichwa vyake zikuwe unga. Konzi nne za ndagala zinakamata nafasi ya mukebe moja. Wenzetu wa ziwa Kivu wafanye vivyo hivyo na sambaza. Ongeza maji kidogo ao yai la pili, juu unga huo unakunywa.

Wamama wamoja wanataka kuuza buleti siku ya soko. Ni wazo nzuri, paka muhesabu yote. Wengi wanagawanya bei ya mukebe tu na kufikiri wamepata faida, kumbe makala, mafuta, na hata viazi vyenye vilitoka katika shamba lao viko na bei. Kiazi chako chenye ungeuza leo si cha bure. Jumlisha vyote, gawanya kwa 24, na uweke pembeni zile za watoto wa nyumbani mbele ya kubeba beseni kwenda soko. Wenye watajaribu na muhogo ao na sambaza, wapatie sekretari wa koperative hesabu yao: walitia nini, zilitoka ngapi, zilifunguka ao zilishika. Tutaziweka katika gazeti linalofuata.