Skuta ya Umeme Isiyokwenda

Umekwisha jifunza kwamba mkondo wa umeme hupita katika sakiti iliyokamilika tu. Fikiri sasa juu ya skuta ya umeme. Taa yake inawaka, lakini mota haigeuki. Je, betri ni nzima? Usijibu upesi. Taa huhitaji mkondo mdogo; mota huhitaji mkondo mkubwa. Betri iliyochoka huweza kuwasha taa, lakini mota ikianza kuvuta, volti zake hushuka. Basi ichaji kwanza.

Ikiwa betri imejaa, chunguza breki. Katika skuta nyingi mkono wa breki una swichi ndogo. Breki ikishikwa, swichi hiyo husababisha umeme wa mota ukatwe. Matope, au springi iliyolegea, huweza kuuzuia mkono usirudi mahali pake. Asiyejua jambo hili huweza kununua betri mpya bure! Inua gurudumu la mota, usukume mkono huo mbele, kisha ujaribu tena.

Usiifungue betri kamwe, wala usiunganishe ncha zake kwa waya. Huweza kuwaka moto.

Zoezi: Taa na mota vyote vimezima. Je, utaanza na swichi ya breki? Toa sababu.