Kuchagua Chuo cha Uhandisi wa Vifaa Tiba

Ndugu msomaji, leo tutajifunza namna ya kumsaidia kijana kuchagua chuo. Tumechukua mfano wa kazi moja: uhandisi wa vifaa tiba.

Kazi hii ni nini?
Hospitali haina madaktari na wauguzi tu. Ina mashine pia. Iko mashine inayoua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji kwa mvuke wa nyuzi 121. Iko nyingine inayovuta hewa ya kawaida, ikaondoa naitrojeni, ikampa mgonjwa oksijeni. Kichujio chake kikijaa vumbi, mashine hudhoofika. Daktari yupo, umeme upo, lakini mgonjwa anahangaika kupumua. Mhandisi wa vifaa tiba ndiye anayezipima, kuzitunza na kuzitengeneza mashine hizo.

Basi, kijana akisema anataka kazi hii, tusikimbilie kuuza ng'ombe. Ng'ombe akishauzwa harudi zizini. Kwanza tuulize haya:

1. Je, chuo kinatambuliwa?
Hapa Tanzania vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Vyuo vya ufundi husimamiwa na NACTVET. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo. Tutafute jina la chuo, halafu jina la kozi. Chuo chaweza kuwa na kibali, kumbe kozi yenyewe haina!

2. Shahada au stashahada?
Shahada inafundishwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa majirani zetu, iko Makerere, Uganda, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya. Stashahada iko Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Stashahada si aibu. Fundi wake anahitajika sana hospitalini.

3. Kijana amefaulu masomo gani?
Fizikia na hisabati ni nguzo za uhandisi. Tulinganishe cheti chake na masharti ya kozi.

4. Je, kuna vitendo?
Tuulize: karakana ina vifaa gani? Wanafunzi hupelekwa hospitali gani kujifunza? Fundi hafundishwi kwa chaki peke yake.

5. Gharama yote ni kiasi gani?
Tusihesabu ada tu. Kuna chakula, malazi, nauli na vitabu. Anayekwenda shahada aombe mkopo Bodi ya Mikopo mapema, maana dirisha la maombi hufungwa. Na mtu akija nyumbani, eti umpe fedha mkononi akutafutie nafasi, mkatalie. Ada hulipwa kwa chuo, na risiti hutunzwa.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Usingoje kusomewa. Shika mwongozo, kaa na mwanao, msome pamoja.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini tutafute jina la kozi pamoja na jina la chuo?
2. Taja gharama nne mbali na ada.
3. Katika zahanati yenu, kifaa kikiharibika hutengenezwa na nani?